Kiti cha Sultani Kilikuwa na Mwenyewe

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, jamani. (Nguo ninazo mwilini. Heshima ndiyo iliyobaki kilimani.)

Mnayajua yale magofu ya juu ya kilima, huku kwetu Kwale. Leo nilikuwa kwenye majaribio ya kuongoza wageni. Kaka Rama, mkubwa wa waongozaji, alikuwa nacho mfukoni kitambulisho changu cha kazi, chenye picha yangu nikitabasamu. Nikifaulu, ananivisha. Mama amekwisha kutangaza kanisani kwamba mwanawe anaongoza watalii. (Mama hangoji matokeo.)

Wageni walikuwa sita, wa kutoka Nairobi. Nikawapa vidokezo nilivyovikariri wiki nzima: pandeni kabla jua halijawa kali, bebeni maji, vaeni viatu vya kufunga, na tafadhali msikalie mawe ya wazee. Rama akafurahi. "Tangulieni," akasema, "kuna mtu namngoja, nitawafuata."

Angebaki nami, haya yote yasingetokea.

Kule juu kuna jengo dogo la mawe na chokaa, refu, lina nguzo fupi upande mmoja. Tangu utotoni nakaa pale nikiota ndoto zangu, na huliita Kiti cha Sultani. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijitungia.

"Hiki peke yake ndicho kinachokaliwa," nikawaambia wageni. "Ukikaa ukanuia jambo, linatimia." Nikakaa wa kwanza, mguu juu ya mguu, nikanuia kitambulisho.

Dada mmoja akacheka. "Mbona kirefu hivi? Huyu Sultani alikuwa anakaa ama analala?"

"Alipenda starehe," nikamjibu. (Mungu nisamehe!)

Simu zote zilikuwa zikinirekodi Rama alipotokea, amemshika mkono bibi mmoja wa buibui. Bibi alibeba ufagio na chupa ya marashi. Rama akanitolea macho, akanipungia mikono yote miwili. Nikadhani ananihimiza!

"Shikamoo, bibi! Karibu ukae."

"Marahaba, mwanangu. Nikae wapi?"

"Hapa, kitini."

"Na mwenyewe atakaa wapi?"

"Mwenyewe nani, bibi?"

"Babu wa babu yangu. Umemkalia kifuani."

Niliruka kama niliyekalia siafu. Nikamwomba radhi mpaka machozi yakanitoka, na yalikuwa ya kweli, kwa sababu nilimkumbuka babu yangu aliyelala shambani kwetu. Bibi hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alinikabidhi ufagio tu.

"Fagia. Na kila Alhamisi uje umfagilie. Nakuachia ufagio."

Nikafagia. Wageni sita wakirekodi. Bibi akamwaga marashi, akaomba dua yake. Rama akakitoa kitambulisho, akaitazama ile picha yangu inayotabasamu, akakirudisha mfukoni.

"Bwana mdogo, umekulia hapa. Hata siku moja hukuuliza?"

Sikuuliza. Ndicho kinachoniuma mpaka sasa. Ndoto ilikuwa tamu kuliko kuuliza.

Sijafika hata chini ya kilima, Mama huyo kwenye simu. "Wamekupa?"

Nikashindwa kumvunja moyo. "Wamenipa, Mama."

Akapiga vigelegele, nikasikia na majirani wakimpokea. "Basi Jumapili ukivae kanisani, wakuone!"

Sasa niambieni, na asicheke mtu: ufagio wa chelewa unavaliwa vipi?