Bango la Barabara ya Machochwe

Jumatatu, 9 Juni 2025. Mugumu.
Tumsifu, niliyesoma naye, amenitumia picha kutoka Ohio. Barabara pana, anga kubwa, na juu ya nguzo sura ya wakili anayetabasamu, kubwa kama nyumba. Umegongwa? Umeng'atwa na mbwa? Nipigie! Anasema Marekani wako hivyo njia nzima. Wako kwenye mabasi, kwenye runinga. Marais wao wengi walikuwa mawakili. Milango ya ofisi zao ina majina manne, matano, kama ukoo.

Mlango wetu una jina moja: Theodosia, Wakili. Mimi ni karani wake, mwaka wa pili, na bado natetemeka nikipeleka jalada Baraza la Ardhi. Nikiwa juu ya nguzo sitatetemeka.

Najua kanuni. Wakili wa huku haruhusiwi kujitangaza. Nimeisoma mara mbili. Lakini inasema wakili. Mimi ni karani.

Jumanne, 10 Juni.
Okello, mchoraji wa mabango ya saluni, kwao Sirari, alisema nilete sura tu, hiyo ingine nimwachie. Amechora kwenye mabati mawili. THEODOSIA NA LAURIAN. UMEONEWA? PIGA. Namba yangu chini. Mimi mbele, nywele nyingi ambazo sina. Mama Wakili nyuma, mdogo, kama picha ya kitambulisho.

Tumelifunga barabara ya Machochwe. Nilisimama chini yake mpaka vumbi likatulia. Sikuogopa kitu. Dakika kumi nzima!

Jumatano, 11 Juni.
Simu moja. Alitaka kunyolewa kama mimi.

Halafu balaa. Mama Wakili kasema Ijumaa baraza zima linakwenda Machochwe kuona shamba la mteja wetu, Mzee Machage, ambalo jirani anagombea mpaka wake. Gari moja: mwenyekiti, sisi, na Heche, wakili wa jirani. Heche huyu alishawahi kumshtaki mwenzake kwa kuweka sura yake kwenye kalenda! Akiliona bango, leseni ya Mama imekwenda. Na mimi nyuma yake.

Alhamisi, 12 Juni.
Alfajiri, bodaboda, koleo mfukoni. Nguzo zipo. Bango hakuna. Upepo? Malaika? Nimeshukuru wote wawili.

Ijumaa, 13 Juni.
Tumezipita nguzo. Heche alikuwa anasinzia. Nikaanza kuiona Ohio tena.

Shambani Mzee Machage alimshika Mama mikono yote miwili. Akamshukuru kwa mabati. Aliona sura yake pale barabarani, akajua wakili wake amemletea zawadi, akaezekea banda la mbuzi. Rangi juu, alisema, maana rangi inazuia kutu.

Heche alikuwa mbali, anapima mpaka kwa hatua. Hakusikia. Mama akapanda kichuguu, akalitazama paa. Akashuka. Hakupaza sauti.

“Laurian, leseni yangu nimeisotea miaka kumi na moja. Wewe umeiezekea mbuzi.”

Akasema mabati yabaki hapo hapo, na mtu yeyote apitaye barabarani asiione tena sura yake wala yangu. Kosa la pili, nirudi kwetu Karagwe. Nikaapa.

Jumapili, 15 Juni.
Kanisani nimetubu, kwa dhati kabisa. Kisha nikaenda Machochwe kumwomba Mzee Machage radhi. Akanipa maziwa, nikakaa juu ya kichuguu. Jua zuri. Mbuzi kimya. Mimi na Mama juu ya paa tukiangalia mbingu, tunatabasamu.

Ndege ndogo ikapita, chini chini, kuelekea hifadhini. Ikapita nyingine. Mzee anasema ni watalii, kila siku, na wengi wao ni Wamarekani.

Wamarekani! Watu wanaojua bango la wakili ni nini!

Niliapa kuhusu barabara. Kuhusu anga sikuapa.

Okello anakuja kesho na ngazi. Ameuliza kama aandike Kiingereza. Nimemwambia ndiyo, herufi kubwa, na nywele aongeze.