SambazaNaSombe77

Alhamisi, 20 Mei 2021
Ushindi! Nimeingia Facebook ya Twahiru, jirani, ambaye naye kamposa Farida ninayemposa mimi. Nilijaribu tu neno langu mwenyewe la siri, Nyiragongo2002, jina la volkano yetu na mwaka ilipolipuka. Likafungua! Nikafuta picha yake ya koti la kuazima. Dada yangu Alima akasema nusu ya Goma wanatumia neno hilo, na Twahiru anaweza kufungua yangu vilevile. Niweke neno refu, la peke yangu. Sawa, sawa.

Ijumaa, 21 Mei
Nimepata: SambazaNaSombe77, yaani dagaa wa ziwani na kisamvu, chakula changu. Ila kichwa changu ni chujio. Nikachukua brashi nikaandika ukutani, kama mtaa wetu mzima wa Katoyi wanavyoandika kuwazuia matapeli wa viwanja: HII KIWANJA HAIUZISHWE, MUULIZE SambazaNaSombe77. Nani atashuku? Akili hizi nitawarithisha watoto wangu na Farida. Babake, mzee Hassani, yuko Bunagana kibiashara, na jibu la posa atatuandikia Facebook.

Jumamosi, 22 Mei
Mlima umelipuka! Mbingu nyekundu kabisa. Nilikimbia hadi Sake na simu na chaja. Alima kafika baadaye na godoro, sufuria, na maneno.

Ijumaa, 28 Mei
Tulirudi, ardhi ikatetemeka siku nzima, tukaamriwa kuhama. Sake tena. Leo mtu kaleta picha kwenye grupu la wakimbizi wa Katoyi tuone nyumba zimesimama. Yangu katikati! Watu wakashangilia, nami nikashangilia, mpaka nikasoma ukuta wangu. Wote waliuliza huyu Sambaza na Sombe ni nani. Twahiru peke yake hakuuliza.

Jumamosi, 29 Mei
Msiba. Twahiru kaingia Facebook yangu, kamwandikia mzee Hassani kwa jina langu: mimi Djibril nilikimbia volkano nikamwacha dada yangu na godoro kichwani. Kibaya zaidi, ni kweli. Niliona aibu hadi nikashindwa kula. Jioni mzee akapiga simu. Alikuwa anacheka hadi anakohoa.
“Mutoto, mutu mwenye kujisemea makosa yake, ule njo mukwe wangu!”
Nimekubaliwa kuwa mkwe! Sikumsahihisha. Alima kabadilisha neno la siri bila kunionyesha. Akaonya: zikija namba sita kwenye simu, ndizo ufunguo, nisimpe mtu, hata mama. Nimeapa.

Jumatano, 9 Juni
Nyumbani! Alima kaupaka ukuta rangi mpya. Mchana ujumbe kutoka namba nisiyoijua: ni mzee Hassani, amebadilisha simu, anaomba namba sita zitakazonifikia, ni za mambo ya harusi. Zikaja papo hapo. Nikamtumia hata kabla hajashukuru. Ndiyo, Alima alisema nisimpe mtu. Lakini baba mkwe si mtu hivi hivi! Nimnyime, aseme sina adabu?

Tangu hapo Facebook inanikatalia kuingia. Mtandao wa Goma! Na Twahiru, ng'ambo ya ua, ameinamia simu yake anacheka peke yake. Maskini. Kumkosa Farida kumemchanganya akili.