Popo Darini, Mke Kwao

Jumatatu, 3 Juni
Mke wangu amerudi kwao. Mikojo ya popo ilipenya darini ikadondokea gauni la harusi alilokuwa anamshonea mteja. Jeupe! Lilikuwa limebaki kutiwa vifungo tu. Hakupiga kelele. Alilikunja, akasema anaenda kwa mama yake. Nyumba imepoa kama hoteli isiyo na wageni. Lakini hesabu ni nyepesi: popo wakitoka, mke anaingia.

Jumanne, 4 Juni
Shemeji amepiga simu. Ni kaka yake mke wangu, fundi dari. Eti atakuja mwenyewe, bure. Nimemwambia asijisumbue. Mwanaume mwingine anirudishie mke, ngazi begani? Thubutu! Akasema basi nining'inize wavu kwa nje, mbele ya tundu lao, chini niuache wazi: popo atambae atoke, akirudi akute wavu. Nikamjibu najua. Sikuwa najua.

Jumatano, 5 Juni
Wavu ni mambo ya shemeji. Mimi nimetumia moshi wa pilipili. Popo hawakukohoa hata mmoja. Mimi nimekohoa mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Nimemjibu bado.

Ijumaa, 7 Juni
Haya, wavu. Ila nje majirani wanatazama, na tangu juzi wananitazama sana. Nimeufunga kwa ndani, darini. Wavu si wavu? Lahaula! Jioni popo wageni wakawa wanaingia, wenyeji hawatoki. Walipokosa njia wakashukia chumbani kupitia kifuniko cha dari. Nimehamia jikoni, sufuria kichwani. Nimemkumbuka mke wangu.

Jumapili, 9 Juni
Shemeji amekuja bila kuitwa. Ameutoa wavu wangu, akaufunga kwa nje. Hakucheka, na hilo ndilo limeniuma. Jioni popo wakatoka, wakarudi, wakazunguka weee, wakaenda zao. Nilimshikia ngazi, kwa hiyo kazi tumeifanya wawili. Mimi zaidi, ukihesabu na moshi.

Alhamisi, 13 Juni
Asubuhi shemeji ameziba tundu. Mchana mke wangu amekuja! Nimemwonyesha dari, safi, kimya. Nikamsimulia habari za moshi. Amenisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema popo alishawazoea. Kilichomshinda ni kuniomba miaka yote hii nimwite kaka yake, na kila mara kujibiwa kwamba najua. Amesema amechoka kuishi na mtu asiyesikia. Machozi yalimlengalenga. Na mimi pia, sikatai.

Kisha ameomba nimsaidie kutoa cherehani yake hadi barabarani. Nimeibeba mwenyewe, nikaipakia kwenye gari, nikaifunga kamba vizuri isiyumbe. Gari likaondoka. Hakugeuka.

Nimekaa kwenye kigoda chake cha kushonea nikiwaza. Popo wameisha, cherehani anaipeleka wapi? Kuna kitu. Nimepekua chumba kizima, nikasogeza kabati. Mavi ya panya! Kumbe! Anahofia watautafuna mkanda wa cherehani. Maskini mke wangu, si angesema tu?

Shemeji sitamwambia. Panya nawajua. Kesho naanza.