Alama za Pua Yangu

Jumatatu, 2 Machi 2009
Endagikot. Mimi, Mwalimu Onesphory, mstaafu, nakaribia kufa, kwa hiyo naandika ukweli mtupu. Pua imezibwa na nyama miaka mingi. Nataka kunusa mvua ya hapa kabla sijafukiwa katika udongo wake. Leo hospitali Daktari Farida kanikata kipande cha nyama puani, kikapimwe. Kasema kipimo kitaonyesha kama upasuaji utanifaa, au nyama zitaota tena. Nafasi ya upasuaji Ijumaa ni moja tu. Na nani mwingine kakatwa? Hermani! Yule niliyemfelisha darasa la saba! Kanipa "shikamoo Mwalimu" kwa sauti ya mnadani. Nimeitikia kwa shida.

Jumatano, 4 Machi
Fedheha! Mtu wa maabara katuchungulisha kwenye hadubini. Kioo chenye nyama ya Hermani kimejaa chembe nyekundu, tele. Changu? Chache, za kuokoteza! Hermani akauliza kama safari hii Mwalimu ndiye kafeli. Kafeli! Mimi! Mtu wa maabara akaenda chai, Hermani msalani. Nimebadilisha plasta zenye majina kwenye vioo vyetu. Kazi safi.

Alhamisi, 5 Machi
Nafasi kapewa Hermani! Nimedai maelezo. Daktari Farida kanieleza taratibu, baba huku baba kule: chembe nyingi ndizo mbaya. Nyama hizo hukatwa zikarudi, kwa hiyo nianze dawa ya kupuliza. Mwenye chache ndiye anapona kwa kisu. Nani hutunga mtihani ambao mwenye alama nyingi ndiye anafeli? Upuuzi! Nimemlalamikia mke wangu, Verediana, nikamweleza hadi habari ya plasta. Kauliza: kwa hiyo Hermani wa watu atakatwa bure? Kavaa viatu, moja kwa moja hospitali. Msaliti!

Ijumaa, 6 Machi
Plasta zimerudishwa mahali pake. Nimesemwa mbele ya wagonjwa, mtu mzima! Nafasi nimepewa mimi. Hermani kaja kunishukuru kwa kumfaulisha hatimaye. Kacheka hadi kakohoa.
Kisha nesi katupima presha. Hermani: mia moja na ishirini. Mimi: mia moja na tisini! Nesi kashtuka, kamwita daktari aje ajionee. Nimemtazama Hermani kama mwanafunzi aliyeshika mkia.
Sasa eti upasuaji wangu umeahirishwa. Wivu! Nje mvua inanyesha, wote wanasema inanukia vizuri.
Jumatatu tunapimwa sukari. Nimeshaficha soda mbili chini ya kitanda.