Siku Wiski Ilipopimwa kwa Suti

Sogeeni, enyi mliozoea habari za vita vikuu, nanyi msiojua hata kufungua soda, mtege masikio. Kwani leo nawasimulia habari za Bwana Kaakaa, simba wa kaunta, mhudumu wa baa aliyestaafu kwa heshima, jinsi alivyoingia vitani asubuhi ya Jumamosi katika duka la dada yake fundi cherehani, akakabiliana na wiski ya mahindi iitwayo bourbon, yenye ukali wa asilimia sitini na tatu, akatoka mzima isipokuwa sauti.

Chanzo cha vita kilikuwa suti. Dada alikuwa ameishona kwa siku tisa, koti na suruali, rangi ya majivu, kwa ajili ya dalali wa magari aliyetakiwa kuonana na wakwe watarajiwa saa nane siku hiyohiyo. Dalali akaja bila hela, ila amekumbatia chupa yenye shingo iliyozibwa kwa nta nyekundu, akaisimamisha kwenye meza ya kukatia, kati ya chaki na mkasi.

"Dada yangu," akahutubu, "pesa ni karatasi tu. Hii imelala ndani ya pipa miaka kumi na miwili ikikusubiri wewe. Thamani yake inaipita suti, na chenji sitaki."

"Mimi sinywi," akajibu fundi. "Nitajuaje kama si vanishi ya viti? Kaka ataamua. Akisema haina maana, suti inabaki ukutani."

"Fungua, mzee wangu, onja mwenyewe," dalali akahimiza.

Basi Bwana Kaakaa akasimama. Sina budi kusema kweli, ijapokuwa inaniuma: shujaa huyu aliwamiminia watu vinywaji vikali miaka thelathini, akawafundisha wapenda sifa kwamba kutia maji kwenye wiski ni kumtukana aliyeipika, na elimu hiyo yote aliipata kwa kusoma lebo. Yeye mwenyewe alikunywa bia, tena nusu kwa soda.

Akaikata nta kwa mkasi wa dada yake, akamimina katika glasi ya chai, akaiinua dirishani, akaitazama ikiteremka kwenye kioo, na kutamka, "Naona mwendo wake ni wa kifalme." Kisha akaimeza yote kwa mkupuo mmoja.

Lahaula! Jeshi la moto likavuka ulimi bila kupingwa, likateka koo, likasimika bendera puani. Bingwa akaishika cherehani asianguke, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni.

"Mnaona?" akasema dalali. "Analia kwa utamu. Anayejua hulia."

"Analia kwa kuungua," akasema dada. "Kaka, sema neno."

Kaka akafungua kinywa, ikatoka sauti ya pasi ya mvuke.

"Kimya cha bingwa ni hukumu," dalali akatangaza, na mkono wake ulikuwa umeshaifikia suti.

Hapo Bwana Kaakaa angeweza kuitikia kwa kichwa tu, sifa yake ikasalimika na siku tisa za dada yake zikapotea. Akaviona vidole vya dada vilivyodungwa na sindano, akaona haya, nami nampenda kwa haya hiyo. Akainua mkono.

"Maji," akanong'ona. "Kijiko kimoja."

Akaongeza wiski kidogo, akatia kijiko cha maji, akangoja, akaonja kwa ncha ya ulimi. Moto ukatulia, ikaja vanila, ikaja sukari iliyoungua, ikaja harufu ya mbao.

"Ni halisi," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Inazishinda zote nilizowahi kuzisifu bila kuzionja. Ikiwa na nta yake, duka la vinywaji lingeichukua kwa thamani ya suti nzima. Sasa iko wazi, nao hawanunui chupa iliyoonjwa. Hii inalipa koti tu. Suruali ibaki."

"Lakini umeifungua wewe."

"Umeniambia wewe, fundi akisikia."

Dalali akaitazama suruali yake iliyong'aa magotini. "Sasa wakwe wataniona vipi?" akauliza, hotuba zote zimemwisha.

Dada akamvalisha koti, akalinyoosha mabegani. "Wahi mapema, ukae kabla hawajaingia. Halafu usinyanyuke mpaka wakukubali."

Hivyo ndivyo, saa nne na robo asubuhi, mtu aliyejua kila kitu alivyoomba maji mbele ya watu. Jambo kubwa ambalo waandishi wa historia, wengi wao wakiwa wamefundishwa kunywa kwenye kaunta yake, hawajathubutu kuliandika mpaka leo.