Malalamiko Dhidi ya Marehemu Aliyemwacha Binti Mlangoni

Milimani, Same

Ndugu Mhariri wa Vitabu vya Kutafsiriwa,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa nina hasira nawe. Namshtaki marehemu Rofikul Talukdar, mwandishi na mtengeneza filamu wa Kibengali. Kwa kuwa hapatikani, nakushtaki wewe uliyetuletea vitabu vyake kwa Kiswahili. Sisi Wapare tukidhulumiwa hatunyamazi.

1. Kila Jumatano tuna msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia maharage. Msimamizi ni mimi. Beatha wa maktaba akaanza kutusomea riwaya za bwana huyu wakati wa mapumziko. Sasa mapumziko yanaanza saa tatu asubuhi, na tope liko palepale.

2. Filamu yake iliyoonyeshwa shuleni ina mvua ya robo saa. Watu wa kijiji cha Kisiwani, kule chini kwenye ukame, walipanda mlima kuja kuitazama hiyo mvua, wakaomba irudiwe. Nasikia alipofariki, kwao walimlilia barabarani. Huku hatukuwahi kumwona, na tayari ndama wawili na mtoto mmoja wa Kilutheri wanaitwa Talukdar.

3. Hili ndilo kubwa. Riwaya yake ya mwisho inamhusu mzee aliyemfukuza binti yake kwa sababu ya ndoa. Miaka inapita, binti anarudi, anapiga hodi. Mzee anainuka kitini. Kisha mmeandika kwamba hapo ndipo marehemu alipofikia kifo kilipomkuta! Kwetu, anayeondoka msaragambo kazi haijaisha hutozwa kuku. Nadai kuku.

4. Tangu tusomewe ukurasa huo watu wameegemea makoleo wakibishana kama mzee alifungua, na wote wananitazama mimi. Ni kweli binti yangu Blessing aliolewa na Idrisa, Mwislamu mkulima wa mpunga kule Kihurio. Ni kweli nilimwambia asikanyage kwangu, na huu ni mwaka wa tatu. Lakini mimi simo kitabuni. Hata mke wangu Hedwiga, akipakua makande, huniuliza ningekuwa mimi ningefanyaje. Nami hubeba sahani yangu nikaenda kula uani.

Kwa hiyo naomba mtafute mtu amalizie kitabu. Aandike wazi mzee alifanya nini, tena alitanguliza mguu gani, nasi turudi kwenye tope kabla ya vuli.

Wasalimie wapiga chapa, wafagizi, na mjane wa marehemu mkiwasiliana naye. Yeye hana kosa.

Wako anayedai haki,
Eliufoo Mbwambo,
Mwalimu Mstaafu

N.B. Barua hii ilikaa siku nne ikisubiri gari la kuteremka posta. Jana mchana ikapigwa hodi. Nilikuwa nimekaa. Sikumbuki niliinukaje, Hedwiga anasema nilikimbia. Blessing alikuwa na mtoto mgongoni, ambaye Hedwiga alimjua kwa jina na mimi sikumjua. Nimelia, sifichi. Kesi nimeifuta. Kitabu msikiguse, maana kuna wazee wengine hapa kijijini bado wamekaa.