Malalamiko Kuhusu Sufuria ya Jibini Iliyoshika Kama Zege

Kwako Mhariri wa ukurasa wa mapishi,

Nakuandikia nikiwa mzima, isipokuwa mkono wa kulia ambao una malengelenge ya kukoroga. Mimi ni mchanganya zege. Kazi yangu iko mbali na nyumbani, na likizo yangu ni fupi kama mkia wa mbuzi. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nikikosea mahali usihangaike kunisahihisha, wewe nisikilize tu.

Ukurasa wenu niliupata dukani, umefungia misumari niliyonunua. Uliandikwa kwa herufi kubwa: "Jioni ya Furaha Nyumbani: Pika Fondyu." Nikasoma kwamba fondyu ni jibini inayoyeyushwa katika sufuria moja katikati ya meza, kila mtu anachovya kipande cha mkate kwa uma mrefu, na watu wanacheka. Pembeni kulikuwa na picha ya baba mmoja amevaa sweta jeupe, binti yake amemkalia magotini.

Picha hiyo ndiyo iliyoniponza. Kitinda mimba wangu hunisalimia shikamoo kwa adabu zote, halafu huenda jikoni kumuuliza mama yake, kwa sauti ninayoisikia vizuri kabisa, "Huyu mgeni anaondoka lini?" Nikaona nikipata sufuria moja na meza moja, huenda akakaa karibu nami bila kukimbia. Tamaa hiyo mmenitia ninyi, na malalamiko yangu ni haya:

1. Ukurasa ulikuwa umechanika chini. Najua aliyeuchana ni muuza misumari, lakini ninyi ndio mlioamua vipimo vikae chini. Mngeviweka juu, nisingekadiria jibini kwa macho kama mchanga.

2. Mliandika "koroga taratibu". Mtu anayelipwa kukoroga hajui taratibu ni kitu gani. Ikawa nzito, nikaongeza maji. Ikawa nyepesi, nikaongeza unga. Ikawa nzito. Mke wangu akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akaniuliza tunapika chakula au tunamwaga sakafu. Nikamjibu, "Mama watoto, haya ni mambo ya magazetini, niachie mimi." Maneno hayo sasa narudishiwa kila nikigusa mwiko.

3. Uma mrefu hatuna. Nikakata waya wa kufungia nondo, nikamtengenezea kila mtu wake. Waya ule ni laini, na kazini hiyo ndiyo sifa yake. Katika jibini yangu, kila aliyechovya alitoa waya uliopinda bila mkate. Mtoto wangu mkubwa, ambaye siku hizi ana sauti nzito kunishinda, akasema, "Baba, hii sufuria inakula kuliko sisi."

4. Hili ni la aibu. Mliandika kwamba atakayedondosha mkate sufuriani lazima ambusu aliyekaa kushoto kwake. Sheria hiyo niliisoma mwenyewe kwa sauti, mbele ya wote, nikijifanya msomi. Kushoto kwangu alikaa mama mkwe. Mkate wangu ndio uliozama kwanza. Jibini ikaendelea kutoa povu. Mama mkwe akachukua mkoba wake, akasema, "Mkwe wangu, pole na safari," akaenda kulala bila kula. Safari yenyewe nilikuwa nimeimaliza wiki moja kabla.

5. Moto ukafifia, jibini ikashika. Nyaya zetu zote zikabaki zimesimama ndani yake kama nondo za nguzo. Hapo, Mhariri, mkono wangu ulifanya jambo bila kuniuliza: ulichota maji, ukamwagia juu, ukafunika sufuria kwa gunia lililolowa, kama tufanyavyo kazini ili zege lisipasuke. Kugeuka, wote wananitazama. Kitinda mimba akatoka nyuma ya kiti cha mama yake, akauliza kwa nini naimwagia maji. Nikamweleza kama ninavyowaeleza vibarua wapya: maji asubuhi, maji jioni, na mbao za pembeni zinazolishikilia zege hazifunguliwi mpaka lishike sawasawa. Wenzake walicheka mpaka wakashikilia meza. Yeye hakucheka. Aliitazama sufuria, akanitazama mimi, akaenda zake kulala. Yaani hata kuchekwa na mwanangu nimekosa.

6. Tulikula mkate na chai.

Kwa hayo yote nadai ukurasa wenu ufungwe. Nadai pia mnitumie fundi wa kuitoa jibini bila kuidhuru sufuria, maana ndiyo sufuria kubwa ya mke wangu, naye ameniambia hataki kuniona likizo ijayo ikiwa bado iko vile. Na yule baba wa sweta jeupe aje naye, atuoneshe sweta lilibakije jeupe.

Wasalimie wapishi wenu, wapiga chapa, na muuza misumari ukimwona. Mke wangu anakusalimu shingo upande. Mama mkwe bado hajasema.

Ni mimi, msomaji wenu wa nusu ukurasa,
Mchanganya Zege

Nyongeza: Barua hii niliisahau mfukoni, nikarudi nayo kambini kazini. Jana nilipiga simu nyumbani. Kitinda mimba, ambaye simu yangu ikiita hukimbilia uani, aliinyakua mkononi mwa mama yake. Hata shikamoo hakunipa. Akasema, "Baba, naimwagia maji asubuhi na jioni. Mama anataka kuitupa, eti inanuka, nimemkatalia. Tunafungua mbao lini?" Nikamwambia tutafungua nikirudi, mimi na yeye. Akasema sawa, lakini nisichelewe.

Kwa hiyo fundi asije. Kama mmemtuma kabla ya kufika kwenye nyongeza hii, mkimbilieni mmgeuze njiani. Na ile sehemu ya chini ya ukurasa, yenye vipimo, bakini nayo.